Mapatano Kabla ya Mazungumzo: Jinsi Simu za Intaneti Zinavyochagua Kodeki

Watu wengi hudhani kwamba simu ya intaneti huanza pale mpigiwa anapoipokea na kusema "Halo". Kwa hakika, kabla ya neno hilo la kwanza kusikika, vyombo viwili vimekwisha kujadiliana na kufikia mapatano. Kimoja kimekwisha kutaja namna zote kinazozijua za kuandika sauti na picha kwa tarakimu. Cha pili kimezipima, kimechagua zile kinazozimudu, na kimetoa jibu. Shughuli hiyo huchukua muda mfupi mno, hata mzungumzaji asiitambue. Lakini isipofanyika sawasawa, simu hukatika kabla haijaanza, au watu huonana bila kusikiana, au hulipia data nyingi kuliko ilivyohitajika.

Makala haya yanaeleza mapatano hayo: kwa nini yanahitajika, yanafuata kanuni gani, na ni kitu gani kinachoyawezesha kufanikiwa hata pale vyombo viwili vilivyotengenezwa na viwanda mbalimbali vinapokutana kwa mara ya kwanza.

SAUTI INAVYOGEUZWA KUWA TARAKIMU

Sauti ni mtetemo wa hewa. Kinasa sauti cha simu hugeuza mtetemo huo kuwa umeme unaopanda na kushuka. Ili umeme huo uweze kusafirishwa na kompyuta, hapana budi upimwe mara nyingi katika kila sekunde, na kila kipimo kiandikwe kwa tarakimu 0 na 1, ziitwazo biti. Njia hii ilibuniwa na mhandisi Mwingereza Alec Reeves, aliyeiombea hataza nchini Ufaransa mwaka 1938.

Swali linalofuata ni hili: vipimo vingapi vyatosha? Kanuni ni kwamba idadi ya vipimo katika sekunde moja lazima izidi mara mbili ya marudio ya juu kabisa yanayotakiwa kuhifadhiwa. Marudio ni idadi ya mitetemo katika sekunde moja, nayo hupimwa kwa hezi. Simu za kawaida za waya hupitisha marudio ya kati ya hezi 300 na 3,400. Kwa hiyo vipimo 8,000 katika kila sekunde vyatosha. Kila kipimo kikiandikwa kwa biti 8, sekunde moja ya maneno huwa na:

8,000 × 8 = biti 64,000

Utaratibu huu uliidhinishwa mwaka 1972 na kamati ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, na ukapewa jina la G.711. Hata hivyo mataifa hayakuafikiana katika kila jambo. Nchi za Amerika ya Kaskazini pamoja na Japani zilichukua kanuni moja ya kupanga ngazi za vipimo, iitwayo kanuni ya miu. Nchi za Ulaya na sehemu kubwa ya dunia zikachukua nyingine, iitwayo kanuni ya A. Biti zilizoandikwa kwa kanuni moja zikisomwa kwa kanuni ya pili, sauti hutoka ikiwa imeharibika. Hapo ndipo linapoonekana jambo la msingi katika somo hili: haitoshi biti kufika salama, ni lazima mpokeaji ajue zimeandikwa kwa kanuni gani.

KODEKI NI NINI?

Kodeki ni kanuni ya kusimba sauti au picha upande mmoja na kuisimbua upande wa pili, pamoja na programu au kifaa kinachoitekeleza kanuni hiyo. G.711 ni kodeki mojawapo. Zimebuniwa nyingi nyingine kwa sababu hakuna hata moja iliyo bora katika kila hali. Kodeki iliyo rahisi kwa kompyuta aghalabu hutumia biti nyingi. Na ile inayobana biti hudai hesabu nyingi zaidi.

Mathalani, kodeki ya G.729, iliyoidhinishwa mwaka 1996, hutumia biti 8,000 tu kwa sekunde, yaani moja ya nane ya zile za G.711. Hufaulu hivyo kwa sababu haitumi umbo lenyewe la wimbi la sauti. Hutuma maelezo mafupi ya jinsi koo na kinywa vilivyoitoa sauti hiyo, na chombo cha mpokeaji huiunda upya kwa kufuata maelezo hayo. Njia hii inafaa sana kwa maneno ya binadamu. Lakini ngoma na zeze havina koo wala kinywa; ndiyo sababu muziki ukipitishwa humo huvurugika.

Kodeki ya Opus, iliyochapishwa mwaka 2012, huunganisha mbinu mbili: moja iliyokusudiwa maneno na nyingine iliyokusudiwa muziki. Inaweza kufanya kazi kwa biti 6,000 tu kwa sekunde, na inaweza kupanda hadi biti 510,000. Tena inaweza kuhifadhi marudio hadi hezi 20,000. Faida ya jambo hili husikika katika herufi kama "s" na "f", ambazo sehemu kubwa ya tofauti yake imo katika marudio yanayozidi hezi 3,400. Katika simu ya kawaida maneno "suka" na "fuka" yanaweza kudhaniwa kuwa ni neno moja. Katika simu inayotumia Opus kwa kiwango cha kutosha hutofautiana waziwazi.

Kwa upande wa picha haja ya kubana ni kubwa zaidi. Ichukuliwe picha yenye nukta 640 kwa upana na 480 kwa kimo. Kila nukta ina rangi tatu za msingi, na kila rangi huandikwa kwa biti 8, yaani biti 24 kwa nukta. Picha 30 zikipigwa katika kila sekunde, hesabu huwa hivi:

640 × 480 × 24 × 30 = biti 221,184,000

Si rahisi kwa simu ya mkononi ya kawaida kutuma mzigo huo kwa muda mrefu bila kuubana. Kodeki za picha, kama vile H.261 ya mwaka 1988, H.264 ya mwaka 2003 na VP8 iliyotolewa wazi na kampuni ya Google mwaka 2010, hutumia ukweli mmoja: picha inayofuata aghalabu hufanana sana na iliyotangulia. Ukuta ulio nyuma ya mzungumzaji haubadiliki; midomo na macho ndivyo vinavyosogea. Kwa hiyo kodeki hutuma picha moja kamili, kisha hutuma mabadiliko tu.

GHARAMA ILIYOFICHIKA KATIKA PAKITI

Katika intaneti sauti haimiminwi kama maji katika bomba. Hukatwa vipande na kutiwa katika pakiti, mfano wa barua zilizomo ndani ya bahasha. Kila pakiti ina kichwa chake kinachoeleza inakotoka, inakokwenda na zamu yake. Kwa kufuata toleo la 4 la itifaki ya intaneti, kichwa cha pakiti ya sauti huwa na baiti 20 za itifaki ya intaneti, baiti 8 za UDP na baiti 12 za RTP. Jumla baiti 40. (Baiti moja ni biti 8.)

Ikiwa kila pakiti hubeba sauti ya milisekunde 20, pakiti 50 husafiri katika kila sekunde. Kutokana na hayo hupatikana jedwali lifuatalo, kwa upande mmoja wa mazungumzo:

Jedwali la 1
G.711: baiti 160 za sauti + 40 za kichwa = 200; biti 80,000 kwa sekunde; baiti 36,000,000 kwa saa.
Opus, kwa wastani wa biti 24,000: baiti 60 + 40 = 100; biti 40,000 kwa sekunde; baiti 18,000,000 kwa saa.
G.729: baiti 20 + 40 = 60; biti 24,000 kwa sekunde; baiti 10,800,000 kwa saa.

Katika safu ya mwisho mna jambo la kushangaza: bahasha ina uzito maradufu ya barua yenyewe. G.729 hubana sauti hadi moja ya nane ya G.711, lakini gharama ya jumla hushuka hadi tatu ya kumi tu. Hata hivyo tofauti iliyobaki si ndogo kwa mtu anayenunua kifurushi cha data kwa siku. Uchaguzi wa kodeki, ambao mzungumzaji haulizwi kamwe, ndio unaoamua saa moja ya mazungumzo itakula kiasi gani cha kifurushi hicho.

KANUNI ZA PENDEKEZO NA JIBU

Ichukuliwe kwamba wasafiri wawili wanakutana katika bandari ya Kigoma. Mmoja anatoka Bukavu naye anajua Kimashi, Kifaransa na Kiswahili. Wa pili anatoka Mwanza naye anajua Kisukuma, Kiingereza na Kiswahili. Hawana haja ya kubahatisha lugha moja baada ya nyingine. Mmoja akizitaja lugha zake zote kwa mpangilio wa anavyozipenda, mwenzake ataitambua mara moja ile wanayoshirikiana. Vyombo vya simu hufanya vivyo hivyo.

Lugha ya kuandikia orodha hiyo huitwa SDP. Ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1998, na toleo lake jipya likatolewa mwaka 2021. Kanuni za pendekezo na jibu ziliandikwa na Jonathan Rosenberg na Henning Schulzrinne, zikachapishwa mwezi Juni mwaka 2002. Kwa ufupi ni hizi:

(a) Mpendekezaji huandika mstari mmoja kwa kila aina ya mawasiliano: mmoja wa sauti, mmoja wa picha. Katika kila mstari hupanga kodeki zake, anayoipenda zaidi ikitangulia.

(b) Mjibuji hurudisha mistari ileile, kwa idadi na mpangilio uleule. Hawezi kuufuta mstari asioutaka. Huukataa kwa kuandika namba 0 mahali pa namba ya mlango wa kupokelea.

(c) Katika mstari anaoukubali, mjibuji hana budi kutaja angalau kodeki moja iliyomo katika pendekezo. Naye hushauriwa kuufuata mpangilio wa mpendekezaji.

Mfano ufuatao ni wa kompyuta inayoipigia simu ya mezani ya ofisini isiyo na kamera. Mistari michache tu imeonyeshwa.

Pendekezo:
m=audio 49170 RTP/AVP 111 8 0
a=rtpmap:111 opus/48000/2
a=rtpmap:8 PCMA/8000
a=rtpmap:0 PCMU/8000
m=video 51372 RTP/AVP 96 97
a=rtpmap:96 VP8/90000
a=rtpmap:97 H264/90000

Jibu:
m=audio 30000 RTP/AVP 8
a=rtpmap:8 PCMA/8000
m=video 0 RTP/AVP 96

Mstari wa kwanza wa pendekezo unasema: "Sauti nitaipokea katika mlango wa 49170, napenda kwanza namba 111, kisha 8, kisha 0." Mistari inayofuata inafafanua namba hizo. Namba 111 ni Opus. Namba 8 ni G.711 kwa kanuni ya A. Namba 0 ni G.711 kwa kanuni ya miu. Namba 0 na 8 zimetengwa kwa kodeki hizo daima. Namba za kuanzia 96 hadi 127 hazina maana ya kudumu. Hupewa maana na mapatano ya simu hiyo tu, na ndiyo sababu ni lazima zifafanuliwe.

Jibu la simu ya mezani ni la kiasi: Opus haijui, lakini G.711 kwa kanuni ya A inaijua. Picha imekataliwa kwa mlango 0. Hata hivyo simu haikuvunjika. Watu hao wawili watazungumza bila kuonana. Hiyo ndiyo hekima ya kanuni ya (b): kushindwa kuafikiana katika jambo moja hakubatilishi mapatano ya jambo la pili.

Mazungumzo yakiisha kuanza, kila pakiti hubeba namba ya kodeki yake. Ikiwa zimekubaliwa kodeki mbili au zaidi, mtumaji anaweza kutoka katika moja na kuingia nyingine bila kuomba ruhusa upya, maana mpokeaji ataisoma namba hiyo na kujua la kufanya.

Pendekezo jipya pia huweza kutolewa katikati ya simu, mathalani mmoja anapotaka kuongeza picha. Hapo huzuka tatizo endapo pande zote mbili zitapendekeza kwa wakati mmoja. Fahali wawili hawakai zizi moja: katika itifaki ya SIP, mapendekezo yote mawili hukataliwa, na kila upande hungoja kwa muda wa kubahatisha kabla ya kujaribu tena. Aliyeianzisha simu hungoja kati ya sekunde 2.1 na 4. Mwenzake hungoja kati ya 0 na 2. Kwa kuwa vipindi hivyo haviingiliani, mgongano hautazamiwi kurudi.

YASIPOPATIKANA MAPATANO

Orodha mbili zisiposhirikiana hata kodeki moja, chombo kinachotumia SIP hurudisha jibu namba 488, maana yake "haikubaliki hapa", na simu haifanyiki. Hapana kosa la waya wala la mtambo. Ni wageni wawili wasio na lugha moja.

Dawa mojawapo ni kuweka mkalimani kati yao, yaani mtambo unaosimbua kodeki ya upande mmoja na kuisimba upya kwa kodeki ya upande wa pili. Dawa hii ina madhara matatu. Kwanza, huongeza ucheleweshaji. Pili, ubora hupungua, kwani sauti iliyokwisha kubanwa hubanwa tena. Tatu, na hili ndilo zito, mkalimani hawezi kutafsiri asichokisikia. Mazungumzo yaliyofungwa kwa siri kati ya wahusika wawili hayana budi kufunguliwa katika mtambo huo, na siri huwa si ya watu wawili tena.

Ni kweli kwamba pale pande zote mbili zinapotumia programu ileile ya kampuni moja, mapatano huwa mepesi, maana mwenye programu ameamua yote mapema. Ugumu huonekana pale ambapo mtu ana uhuru wa kuchagua chombo chake na bado anataka kumpata kila mtu.

MSINGI WA LAZIMA

Kutokana na hayo, kanuni za pendekezo na jibu peke yake hazitoshi. Zinaweza kuitafuta lugha ya pamoja, lakini haziwezi kuiumba. Wasafiri wa Kigoma walielewana kwa sababu Kiswahili kilikuwamo katika orodha zote mbili. Vivyo hivyo, wahandisi huchagua kodeki ambazo kila chombo kinalazimika kuzijua.

Uchaguzi huo uliwahi kuleta mabishano makubwa. Katika kutayarisha mfumo wa WebRTC, unaoviwezesha vivinjari vya intaneti kupigiana simu, jopo la wahandisi wa intaneti lijulikanalo kama IETF liliafikiana kuhusu sauti: Opus na G.711. Lakini kuhusu picha lilifarakana. Upande mmoja ulitaka H.264, ambayo tayari ilikuwamo katika vyombo vingi lakini hataza zake zilidai ada. Upande wa pili ulitaka VP8, iliyotolewa bila ada. Waliotengeneza programu za bure waliona kwamba kulazimishwa kutumia kodeki ya kulipia kungewafungia mlango.

Mwezi Oktoba mwaka 2013 kampuni ya Cisco ilitangaza kwamba itatoa programu ya H.264 iliyo wazi, na kwamba itabeba yenyewe ada kwa nakala inazozisambaza. Mabishano hayakuisha mara moja. Katika mkutano uliofanyika Honolulu mwezi Novemba mwaka 2014 yalifikiwa maafikiano: vivinjari vilazimike kuzijua zote mbili. Nyaraka za masharti hayo, ya picha na ya sauti, zilichapishwa mwaka 2016.

Ifahamike kwamba msingi wa lazima si ukomo. Vyombo viwili vinavyojua kodeki bora zaidi viko huru kuipanga mwanzoni mwa orodha na kuitumia. Msingi huo ni ahadi tu kwamba, yote mengine yakishindikana, bado kuna namna ya kusikilizana. G.711, kodeki ya mwaka 1972, haikubakizwa katika orodha kwa ubora wake, kwani hutumia biti nyingi na hukata marudio ya juu. Ilibakizwa kwa sababu inajulikana karibu kila mahali, pamoja na simu za mezani zilizotengenezwa kabla Opus haijafikiriwa.

HITIMISHO

Simu ya intaneti ni mapatano kwanza, na mazungumzo baadaye. Orodha ya mapendekezo huleta uhuru, kwa kuwa kila chombo hutaja kinachokipenda. Msingi wa lazima huleta uhakika, kwa kuwa hakuna chombo kinachoachwa nje. Uhuru bila msingi huishia katika jibu namba 488. Na msingi bila uhuru ungeifungia dunia nzima katika kodeki ya mwaka 1972.

ZOEZI LA DARASANI

Mwalimu agawe kadi, kila kadi ikiwa na orodha ya kodeki tatu au nne kwa mpangilio wa upendeleo. Wanafunzi wakae wawili wawili, mmoja apendekeze na mwenzake ajibu, kwa kufuata kanuni (a) hadi (c). Darasa lihesabu jozi ngapi zimeshindwa kuafikiana. Kisha G.711 iongezwe mwishoni mwa kila kadi ambayo haikuwa nayo, na zoezi lirudiwe. Wanafunzi waeleze sababu ya tofauti ya matokeo.

MASWALI

1. Kodeki fulani hutoa biti 16,000 kwa sekunde, na kila pakiti hubeba milisekunde 20. Kichwa cha pakiti kikiwa na baiti 40, ni biti ngapi husafiri kwa sekunde?

2. Pakiti ya G.711 ikibeba milisekunde 40 badala ya 20, biti kwa sekunde zitakuwa ngapi? Taja hasara moja ya kuzirefusha pakiti.

3. Pendekezo lina Opus, G.729 na G.711 kwa mpangilio huo. Mjibuji anajua G.711 na G.729 tu. Akiufuata mpangilio wa mpendekezaji, ipi itatangulia katika jibu?

4. Jadili: ni nani anayepaswa kuamua kodeki ya lazima, viwanda vinavyotengeneza vyombo au watu wanaovitumia?

Majibu: (1) Baiti 40 + 40 = 80; 80 × 50 × 8 = biti 32,000. (2) Baiti 320 + 40 = 360; 360 × 25 × 8 = biti 72,000; sauti huchelewa zaidi, na pakiti moja ikipotea hupotea sehemu kubwa zaidi ya neno. (3) G.729.